Goti la Kushoto la Suzuno

Suzuno Kadoguchi alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi aliyoijua kuliko zote ilikuwa kutembea. Si kutembea kwa mtu anayetumwa dukani kununua tofu. Kutembea kwa mashindano, kilomita ishirini, kiuno kikizunguka na viwiko vikikata hewa, mguu mmoja usiondoke chini kabla mwenzake hajatua, na goti linyooke kama ufito tangu kisigino kinapogusa lami mpaka mwili upite juu yake. Ukiiacha ardhi, umeruka. Ukikunja goti, umekimbia. Waamuzi husimama kando ya barabara na macho yao tu, bila kamera, na miaka ile kadi nyekundu tatu kutoka kwa waamuzi watatu zilikuwa mwisho wa safari: unavua namba, unaiinamia barabara kwa heshima, unaondoka.

Yeye hakuwahi kutolewa. Tangu alipoanza akiwa sekondari, kwao Wajima, hakuwahi kupata zaidi ya kadi moja katika shindano. Kocha wake, mzee Muroi, aliyekuwa mtembeaji wa kilomita hamsini mpaka nyonga ikamkataa, alizoea kuwaambia wageni, "Mkitaka kujua goti ni nini, mtazameni huyu. Hata seremala hapati mstari kama huo."

Suzuno alikuwa ameajiriwa na kiwanda kimoja cha Komatsu kilichotengeneza vipuri vya mashine za kufuma. Asubuhi alipokea oda kwa simu, saa saba mchana alivua sare na kuingia barabarani na wenzake watatu wa timu, kwenye njia nyembamba kati ya mfereji na mashamba ya mpunga, theluji ya mlima Hakusan ikiwatazama kwa mbali. Watoto wa shule walikwisha wazoea lakini hawakuchoka kuwatania.

"Dada! Choo kiko upande ule!"

"Tumetoka huko," Chinami alijibu bila kupunguza mwendo, "tumekuta foleni ya walimu wenu!"

Chinami Okuno ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, miaka ishirini. Alipofika kiwandani miaka miwili nyuma alikuwa na nguvu za punda na mwendo wa kutia huruma, mabega juu, ngumi zimekazwa. Kocha alikuna kichwa. Suzuno ndiye aliyemchukua, akamweka nyuma yake, akamwambia, "Tazama visigino vyangu. Usitazame kingine." Kila mchana, mvua na jua, msichana akatazama visigino. Mwishoni mzee Muroi akiwaona kwa mbali alishindwa kuwatenganisha, akawa anauliza, "Nani mtu hapa, na nani kivuli?"

Mwaka uliopita Suzuno alishika nafasi ya tatu katika mchujo wa taifa, na waliochaguliwa kuiwakilisha nchi walikuwa wawili. Ilikuwa tofauti ya sekunde sita. Alilia siku moja, akafua nguo zake, akarudi barabarani. Kila mtu kiwandani alijua kwamba mwaka unaofuata ungekuwa wake. Hata mama wa kantini alianza kumwekea yai la ziada.

Ilianza Jumanne moja ya mwezi wa kumi, kwenye kilomita ya nane ya zoezi la kawaida. Kisigino cha kushoto kiligusa chini, na goti halikuwepo. Hivyo ndivyo alivyolieleza baadaye, kwa sababu hakupata neno jingine. Ilikuwa kama unashuka ngazi, ukadhani imebaki moja, kumbe umefika. Alipepesuka, akajirekebisha, akaendelea. Baada ya hatua arobaini likachomoka tena.

"Umeumia?" Chinami aliuliza kutoka nyuma.

"Hapana."

Na kweli hakuumia. Hakukuwa na maumivu, hata chembe. Lingeuma angelishukuru. Maumivu unayapaka dawa, unayafunga bendeji, unayaonyesha kwa watu. Hili halikuwa na mahali pa kuoneshwa.

Mpaka mwezi wa kumi na moja lilikuwa linachomoka kila siku. Ajabu yake ni kwamba akitembea kwenda stendi, mguu mzima. Akipanda ngazi, mzima. Akirudi kinyumenyume kwa mchezo, mzima kuliko wa kulia. Lakini akiingia tu katika ule mwendo wake, mwendo uliomlisha, mguu wa kushoto ulimsahau. Na kadiri alivyoufikiria ndivyo ulivyozidi.

Alikwenda Kanazawa hospitali. Walimpiga picha za goti, za nyonga, za uti wa mgongo, mwishowe za kichwa. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliziweka zote kwenye taa.

"Mguu wako ni mzima kabisa," alisema. "Umepiga hatua ngapi za namna hii tangu uanze?"

"Sijui. Nyingi."

"Ubongo nao huchoka na kitu kimoja. Ukiuagiza jambo lilelile mara milioni, siku moja amri inaanza kufika imechanganyika. Wapo wakimbiaji wa mbio ndefu wenye shida hii. Wenyewe wanaiita ugonjwa wa kuchomokachomoka."

"Dawa yake ni nini?"

"Kuacha. Wengine wanaacha mwaka mmoja, miwili, wanajaribu tena."

"Wanapona wangapi?"

Daktari alizikusanya zile picha, akazilinganisha pembe. "Si wengi," alisema. "Sikufichi."

Jioni hiyo kocha alimngoja kwenye lango la bweni la kiwanda, ameegemea gari lake.

"Kasemaje?"

"Ni uchovu, kocha."

Muroi hakumtazama usoni, alilitazama goti. "Uchovu," alirudia. "Haya. Kama ni uchovu, tutaupumzisha."

Alimpumzisha siku nne. Siku ya tano alimweka juu ya mstari mweupe wa barabara ya bwawa, yeye akafuata kwa baiskeli, akihesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu, limeondoka. Rudi. Moja, mbili, limeondoka. Rudi." Walijaribu viatu vipya, sindano za Kichina, maji ya moto na ya barafu. Fundi wa kukanda misuli aliitwa kutoka Fukui. Alimminya mpaka machozi yakamtoka, akasema nyama ya mguu huu ni safi kama ya mtoto. Chinami aliacha kumfuata nyuma, akawa anatembea ubavuni, macho mbele, asije akaonekana anatazama.

Sikio la kufa halisikii dawa. Suzuno alikuwa ameambiwa aache, na kila usiku alipojilaza alijiambia kesho nitamwambia kocha, na kila kesho alifunga kamba za viatu.

Mwaka mpya alirudi Wajima kwa baba yake. Mzee Eikichi aliishi peke yake tangu mkewe afariki, katika nyumba yenye karakana mbele, akipaka bakuli za mbao utomvu wa mti wa urushi unaozing'arisha, tabaka juu ya tabaka, jinsi baba yake alivyofanya. Walikula supu ya mwaka mpya na mochi, vile vitonge vya mchele uliotwangwa, theluji ikidondoka nje.

"Baba, mkono wako umewahi kukataa kazi?"

"Mara nyingi."

"Unafanyaje?"

"Naweka brashi chini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukubali."

"Na siku ukikataa moja kwa moja?"

Mzee alitafuna polepole. Kisha alichota mochi nyingine kutoka kwenye sufuria, akamwekea bakulini. "Kula," alisema, "imeanza kuganda."

Siku ya tatu Suzuno alikwenda hekaluni kuomba. Baridi ilikuwa kali, na baba yake alikuwa amempa kile kipakiti cha joto ambacho watu hutia mfukoni wakati wa baridi. Alikishika katika ngumi ya kushoto. Aliporudi, njia ilikuwa tupu, na bila kukusudia mwili wake uliingia katika ule mwendo. Alipiga hatua mia, mia mbili, goti likanyooka kila mara. Alisimama, akakitoa kipakiti mkononi, akaanza upya. Likachomoka. Akakirudisha. Likanyooka.

Alicheka peke yake barabarani kama mwehu. Alitembea mpaka bandarini na kurudi, mara nne, kipakiti mkononi, machozi yakimgandia mashavuni, na bibi mmoja aliyekuwa anafagia theluji mlangoni kwake akamwuliza kama kuna msiba.

Januari yote na Februari alitembea hivyo. Kocha alipooneshwa aliteremka kwenye baiskeli, akaiacha ianguke. "Hakuna sheria inayokataza kushika kitu," alisema. "Shika hata jiwe. Shika hata paka." Kiwanda kizima kilimletea vipakiti, katoni nzima ikajaa chini ya meza yake. Chinami alirudi nyuma yake, kwenye visigino. Katika zoezi la mwisho la kilomita kumi na tano walimaliza pamoja, na saa ikaonyesha muda ambao Suzuno hakuwahi kuupata maishani.

"Dada," Chinami alisema akihema, mikono magotini, "tukienda wote wawili nitakubebea begi mpaka Ulaya."

"Utabeba yote mawili."

"Nitabeba na kocha mgongoni."

Mchujo ulifanyika katikati ya mwezi wa tatu, mjini Nomi, siku ya mvua. Watu wa kiwandani walikuja na bendera na miavuli. Suzuno alivaa namba kumi na nne. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefumba.

Kilomita kumi na moja za kwanza zilikuwa nzuri kuliko alivyothubutu kuomba. Kundi la mbele lilikuwa la watu watano, naye alikuwa wa pili, Chinami nyuma yake. Alisikia pumzi za msichana, alisikia maji yakiruka chini ya viatu vyao kwa mpigo mmoja.

Kwenye kilomita ya kumi na mbili goti likachomoka.

Alikaza ngumi. Kipakiti bado kilikuwa cha moto. Alikaza mpaka kucha zikamwingia kiganjani, na baada ya hatua ishirini likachomoka tena, halafu baada ya kumi. Mwamuzi aliyekuwa kwenye kona alinyanyua kibao cha njano chenye alama ya goti lililokunjwa, akamwelekezea. Kwenye ubao wa matokeo, alipopita mara iliyofuata, palikuwa na doa jekundu mbele ya namba yake, la kadi ya kwanza. Alihamishia kipakiti mkono wa kulia. Akakirudisha. Akakitupa. Kilomita ya kumi na tano madoa yalikuwa mawili.

Chinami alikuja ubavuni. "Dada, una mbili. Legeza mabega. Punguza kidogo, twende wote."

"Nenda."

"Twende taratibu tu, bado—"

"Chinami, usinitie wazimu. Nenda!"

Msichana alikwenda. Suzuno alivitazama visigino vyake vikitangulia kwenye mvua, na goti lake la kushoto, zuri, lililonyooka, goti ambalo yeye mwenyewe alilitengeneza siku baada ya siku. Na moyoni mwake, kwa maneno yaliyo wazi kabisa, aliomba lianguke. Baadaye alijaribu kujishawishi kwamba hakuomba. Lakini aliomba.

Kwenye kilomita ya kumi na saba mwamuzi mkuu, mzee mwenye koti la mvua la bluu, aliingia hatua moja barabarani na kumwonyesha kibao chekundu.

Suzuno alimpita kama mti unavyopitwa.

Watu walidhani hakuona. Msaidizi mmoja, msichana mwenye mwavuli, alimkimbilia ubavuni. "Samahani, namba kumi na nne. Samahani sana, umetolewa." Suzuno aliendelea. "Tafadhali. Samahani." Kando ya barabara watu walikuwa mamia, na zile bendera za kiwanda zilishushwa moja moja. Aliendelea nusu mzunguko, na katika nusu mzunguko huo goti lilinyooka. Halikuchomoka hata mara moja. Kisigino, goti, kiuno, kisigino, goti, kiuno, kama lilivyokuwa siku zote kabla ya Jumanne ile.

Mwisho mzee Muroi alichechemea mpaka katikati ya barabara, akasimama mbele yake na mikono imefunguliwa. Ilimbidi asimame.

"Tazama goti," Suzuno alisema. "Kocha, umeliona? Umeliona sasa hivi?"

"Nimeliona."

"Limenyooka."

"Limenyooka."

"Sasa kwa nini—"

"Suzuno. Vua namba."

Vidole vyake vilikufa ganzi, havikuweza kufungua pini. Kocha alizifungua yeye, moja, mbili, tatu, nne. Suzuno hakuiinamia barabara. Mzee ndiye aliyegeuka, akaiinamia kwa niaba yake, maji yakimtiririka kutoka kwenye kofia, na nyonga yake mbovu ikamfanya achukue muda mrefu kunyanyuka.

Siku hiyo Chinami alimaliza wa pili, akachaguliwa.

Kiwandani hakuna aliyemsema. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliandika barua ya kuomba radhi kwa chama cha riadha, nyingine kwa waamuzi, meneja akazisoma na kusema zimeandikwa vizuri. Mama wa kantini aliendelea kumwekea yai. Mwisho wa mwezi ulikuwa mwisho wa mikataba, na wake haukuandikwa upya, na meneja alimwinamia muda mrefu mlangoni kuliko ilivyokuwa lazima. Chinami alitaka kumsindikiza stesheni. Suzuno alimwambia treni yake ni ya saa nane, akaondoka na ya saa nne.

Kule Wajima alilala. Alilala mpaka saa sita mchana, akaamka, akalala tena. Baba yake alimwachia matonge ya wali nje ya mlango, na jioni aliyachukua yalivyo, akala yeye. Mwezi wa sita, kwa aibu tu ya kumwona mzee akila makombo, alishuka karakanani na kupewa kazi ya kusugua bakuli kwa jiwe laini kabla hazijapakwa tabaka jipya. Ilikuwa kazi ya kukaa.

Mwezi wa saba alikwenda soko la asubuhi kununua figili. Alikuwa anatembea kama mtu yeyote, kikapu mkononi, akifikiria supu. Goti la kushoto likachomoka. Alishika meza ya mama muuza samaki wakavu, vibua vitatu vikaanguka chini.

"Umelewa asubuhi hii, binti wa Eikichi?" mama alicheka.

"Nimejikwaa."

"Umejikwaa na nini? Hapo hapana kitu."

Aliviokota vibua, akavilipia, akarudi nyumbani akipapasa kuta. Tangu siku hiyo alijua kwamba hata kutembea kwa watu wote hakukuwa kwake tena. Kuna siku goti lilikuwa zima. Kuna siku lilikataa hatua tano kutoka kitandani.

Chinami alikuja mwezi wa kumi, kwa basi, na boksi la keki za maharage kutoka Komatsu. Alikuwa amekonda. Kiangazi alikuwa ameiwakilisha nchi, ameshika nafasi ya kumi na tisa, magazeti yakamsifu kwa umri wake. Alipiga magoti mbele ya mzee Eikichi na kumsalimu kwa adabu zote. Mzee alizipokea keki, akawatazama wote wawili, akasema anakwenda kununua chai, ingawa chai ilikuwepo.

"Dada umenikimbia," Chinami alisema walipobaki wawili.

"Nilikuwa na haraka."

"Nilifika stesheni saa saba. Nikakaa mpaka saa kumi."

Suzuno aliendelea kusugua bakuli. Msichana alitazama mikono yake mwenyewe.

"Dada. Lilianzaje lile lako?"

Jiwe lilisimama.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Chinami."

"Wiki tatu sasa," Chinami alisema haraka, kama anayetema kitu. "La kushoto. Si kila siku. Ni kama, sijui nisemeje, nakanyaga halafu halipo. Kocha hajaona. Usiku nalala nalifikiria mpaka nasikia kengele ya shule asubuhi. Naogopa hata kufunga kiatu. Niambie lilianzaje, nijue kama ni hilo."

Suzuno alijua kwamba ni hilo. Alijua pia kitu ambacho daktari hakumwambia, ambacho alikisoma mwenyewe katika mwili wake: hofu ndiyo iliyolilisha lile goti. Labda, alifikiri, kama mtu angemwambia mapema kwamba si kitu, kama kungekuwa na mtu mmoja wa kumwamini. Na chini ya fikira hiyo kulikuwa na nyingine, nyeusi, kwamba msichana huyu hakuwahi kuwa na mwendo wake; alipewa mwendo wa Suzuno mzima mzima, kisigino kwa kisigino, na pengine kilichokuwa ndani yake alipewa pamoja nao. Alikumbuka na ile dua aliyoiomba kwenye mvua.

"Liliuma," alisema.

"Liliuma?"

"Sana. Kama kisu. Lako linauma?"

"Hapana." Uso wa Chinami ulifunguka. "Halina maumivu kabisa."

"Basi si hilo. Umechoka tu. Umetoka mashindano makubwa, unataka mwili usiseme?"

"Kweli, dada?"

"Nimekudanganya lini?"

Chinami alijifuta macho kwa kiganja, akacheka. Kisha akasema, "Nitazame mara moja. Mara moja tu, nitaondoka nimetulia. Jicho lako nalijua."

Walitoka kwenye barabara ya bandarini. Suzuno alisimama ukutani, mkono nyuma ukishika jiwe la ukuta. Msichana alivua koti, akaenda mita mia mbili na kurudi, kwa kasi nzuri, mabega chini, viwiko vimekaa. Kwenye kurudi, hatua kama thelathini kabla hajafika, mguu wa kushoto ulisita. Ulikuwa mkunjo mdogo ambao mwamuzi wa kawaida asingeuona. Suzuno aliuona kama anavyouona mtu mlango wa nyumba yake.

"Vipi?" Chinami aliuliza, akihema, macho yakimwangalia kama ya mgonjwa anayemwangalia daktari.

"Limenyooka."

"Lote? Mwanzo mpaka mwisho?"

"Lote. Nenda kalale."

Chinami alimkumbatia, jambo ambalo hawakuwahi kufanyiana miaka yote, akapanda basi la jioni. Dirishani alipunga mkono mpaka basi likapinda.

"Yuko salama?" mzee Eikichi aliuliza usiku, walipokuwa wanakula.

"Hapana."

"Umemwambia?"

Suzuno alitikisa kichwa. Baba yake aliweka vijiti vyake chini. Hakumkemea. Alisema tu, "Mtoto wa watu yule," akaviokota tena.

Barua zilikuja mbili kabla ya mwaka kwisha. Ya kwanza ilisema analala vizuri. Ya pili ilisema mazoezi ni magumu lakini anakumbuka maneno ya dada na kusonga mbele, na kwamba kocha amemwongezea kilomita, naye amekubali, kwa kuwa si kitu. Suzuno alianza majibu mara nyingi. Alifika mpaka "Mpenzi Chinami, siku ile," akakunja karatasi.

Shindano la kwanza la mwaka lilikuwa Februari, Kobe. Suzuno hakuwasha televisheni. Kesho yake alisoma gazeti la baba yake, ukurasa wa michezo, chini kabisa, mahali wanapoandika kwa herufi ndogo wale ambao hawakumaliza. Jina lilikuwepo. Kilomita ya tisa, kadi tatu, zote za goti.

Simu ililia kesho yake mchana. Mzee alikuwa na utomvu mikononi, hakuweza kuigusa. Iliita, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Kadoguchi," Suzuno alijibu.

"Ni mimi, dada."

"Chinami."

"Nimetoka kwa daktari. Kanazawa." Sauti ilikuwa tulivu, yenye adabu, kama ya mtu anayepokea oda kiwandani. "Ameniuliza kama kuna mtu aliwahi kuniona nikitembea, mtu anayejua, tangu lianze. Amesema lingegunduliwa mapema, ningeacha mapema, pengine."

Suzuno alihamishia simu sikio la pili.

"Dada, siku ile bandarini. Uliliona?"

Aliweza kusema hapana. Neno lilikuwa tayari kinywani.

"Niliona," alisema.

"Wakati wa kurudi?"

"Wakati wa kurudi. Karibu na mwisho."

Suzuno alisikia gari likipita upande wa pili wa simu, na mtoto akipiga kelele, labda mmoja wa wale wa shule. Alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

"Asante kwa kuniambia," Chinami alisema. "Msalimie mzee. Mjihadhari na baridi."

Simu ilikatwa. Hakupiga tena, na Suzuno hakumpigia. Alikaa chini palepale kwenye ubao wa ukumbini kwa sababu mguu haukukubali kumrudisha karakanani, na baba yake, aliyekuwa amesikia upande mmoja tu wa maneno, alinawa mikono yake taratibu, akaja, akamshika kwapani amnyanyue.